Kijenzi Kilichopumzishwa

1

Kituo cha tatu kilinyamaza saa tano na nusu asubuhi, mvua ikiwa katika siku yake ya nne. Sekela Mwambungu alikiona kikizimika ukutani: taa moja kati ya tisa iligeuka kutoka kijani kuwa nyeupe, ikafifia, ikatoweka. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Hakunywa. Alihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, na kabla hajaifikia tatu, kazi zote za kituo kile zilikuwa zimekwisha kuhamia vituo vingine. Mji wa Lufingo, na watu wake elfu themanini, haukujua kama kuna lililotokea.

"Umeshona," alisema Mzee Ambakisye, mkuu wa zamu, kama mtu anayemsifia mjukuu wake.

Ndivyo walivyosema kila mara. Programu iliyohamisha kazi hizo waliiita Ukili, kwa jina la ule ukanda wa miyaa ambao wasukaji huuzungusha na kuushona hadi uwe mkeka. Ukili wenyewe haukufungua lango la bwawa wala kuwasha taa ya barabarani. Kazi yake ilikuwa kuunganisha. Programu za bonde zima ziliandikwa vipandevipande, na kila kipande, walichokiita kijenzi, kilijua jambo moja tu: hiki kilipima kina cha mto, kile kiligeuza lango la bwawa, kingine kilipanga pumzi za mgonjwa. Kijenzi hakikujali kinaishi katika mashine ya kituo kipi. Ukili ndio uliokipa makao, ukapeleka ujumbe wake kwa wenzake, na kukihamisha makao yake yakiungua au yakifukiwa.

Miaka kumi na mitano Ukili haukuwahi kulala. Sekela alikuwa mmoja wa waliouandika, akiwa bado msichana wa miaka ishirini na sita, na watu wa Lufingo walimsalimia njiani kwa heshima ambayo kwingine hupewa mkunga aliyezalisha kata nzima.

Saa sita kasorobo, vituo vya tano na sita vilikwenda pamoja. Mlima ulikuwa umekatika upande wa magharibi. Ukili ukashona. Saa sita kamili kikaenda cha kwanza, kisha cha nne, kisha viwili vya bondeni vilivyotegemea nguzo moja ya umeme. Taa mbili tu zilibaki ukutani: ya bwawani na ya hospitali ya mkoa.

Sekela aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza maishani aliutazama Ukili akauogopa. Haukuwa umekosea hata mara moja. Ulikuwa unafanya kile hasa walichouambia ufanye, na yeye alikuwa amesahau sehemu ya yale waliyouambia.

2

Alifungua orodha ya vijenzi vyote vya bonde na kuanza kuisoma kutoka chini.

Mashine zilipopungua, Ukili haukuweza kukipa kila kijenzi nafasi. Ulifuata orodha ya daraja. Cha juu kilibaki, cha chini kikasimamishwa hadi nafasi ipatikane. Siku walipokuwa wakitafuta neno la kuiita hali hiyo, Sekela mwenyewe ndiye aliyependekeza "kupumzishwa", kwa kuwa "kuzimwa" kungewatisha wajumbe wa baraza.

Taa za barabarani: zimepumzishwa. Mizani ya soko: imepumzishwa. Mageti ya stendi, kengele za shule, pampu za chemchemi ya uwanjani. Alishuka hadi mstari wa mwisho kabisa, daraja la mia mbili na kumi na nne.

King'ora cha mto, Kambi ya Mchanga: kimepumzishwa.

Kando yake kulikuwa na maelezo mafupi, ya tarehe ya miaka kumi na mitano nyuma, na herufi za kwanza za jina lake. "Kambi ya msimu. Hakuna wakazi."

Aliukumbuka mchana ule. Walikuwa wamekaa tangu asubuhi wakibishana nini kitangulie nini, wakafika kwenye king'ora hiki wakiwa wamechoka, na mtu akasema pale wanakwenda vijana kuchimba mchanga wakati wa kiangazi tu, masika hakuna hata mbwa. Akaandika. Wakaenda kula.

Aligeukia kioo cha kompyuta kilichoonyesha bwawa. Maji yalikuwa sentimita arobaini chini ya alama nyekundu na yalikuwa yakipanda. Kijenzi cha malango kilikuwa kimekwisha kupiga hesabu yake: malango yangefunguka saa saba na dakika tano. Kabla ya kufungua kingekiuliza king'ora cha mto, "Umewaonya walio chini?" Kisipojibiwa ndani ya sekunde tano, kingefungua. Hilo pia waliliandika wao, na hakuna aliyeweza kulilaumu. Bwawa likisubiri king'ora kilichoharibika, litapasuka, na mji mzima utakwenda.

Kutoka malangoni hadi Kambi ya Mchanga maji yangechukua dakika ishirini na tano.

Alipiga simu ya Kambi. Mnara wao wa simu ulikuwa umeanguka tangu alfajiri; king'ora peke yake kilikuwa na redio yake. Alipiga polisi wa kata. Daraja la mtoni lilikuwa limezolewa na maji, hakuna gari wala pikipiki ambayo ingefika huko. Mvua ililia juu ya bati kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika ishirini na tatu.

3

"Pale hapakai mtu," alisema Mzee Ambakisye. "Sensa inasema sifuri."

"Sensa ya lini, Mzee?"

"Ya mwisho."

"Ya mwisho ina miaka tisa." Sekela alikuwa amekwisha kugeuza kiti chake. "Nipe dakika moja."

Kama kulikuwa na watu Kambi ya Mchanga, basi mahali fulani wangekuwa wameuomba Ukili kitu. Alitafuta ujumbe wote wa mwezi uliopita uliotoka upande ule wa mto. Ulitoka kwa kijenzi kimoja tu, kidogo, cha jokofu la chanjo katika zahanati ya mbao ambayo hakuwahi kuisikia. Tarehe tatu kilikuwa kimeagiza dozi za watoto wachanga.

Dozi thelathini na nane.

Mzee Ambakisye alivaa miwani, akaisoma namba ile, akavua miwani. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyebakiza miezi minne kustaafu. Akakaa chini taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Watoto wa chini ya mwaka mmoja thelathini na nane," alisema Sekela. "Piga hesabu ya mama zao, baba zao, ndugu zao. Hawapungui mia tatu."

"Kiamshe king'ora basi."

"Hakina pa kukaa. Mashine ya bwawani haipokei kitu kingine zaidi ya malango, tuliifunga hivyo kwa makusudi. Imebaki ya hospitali, nayo imejaa Pumzi."

Hakuhitaji kumweleza Pumzi ni nini. Kilikuwa kijenzi kilichoendesha mashine za kupumulia za wodi ya mahututi. Zamani kila mashine ilikuwa na akili yake ndani. Baadaye hospitali ikaona hakuna haja ya kununua vichwa kumi na viwili wakati Ukili una vichwa tele visivyolala, na mashine mpya zikaja zikiwa mifuko, mirija na mota tu. Pumzi ikisimama, na mota zinasimama.

"Wagonjwa wangapi?" aliuliza mzee.

"Kumi na mmoja."

"Kwa muda gani?"

"Dakika sita. Mbili za kukipakia king'ora, mbili kilie, mbili za kuirudisha Pumzi."

Mzee Ambakisye alitikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama anayefukuza inzi. "Mtu hawezi kukaa dakika sita bila pumzi, mwanangu."

"Najua."

"Orodha ilipitishwa na baraza. Tukiiacha, hakuna atakayetuuliza. Tukiigusa na mtu akafa, tumemuua sisi, kwa dole gumba hili." Alilinyanyua. Kubadili daraja kulihitaji madole mawili, la mhandisi na la mkuu wa zamu, juu ya kioo kwa pamoja.

Mzee alikuwa amesema kweli tupu. Wale wa Kambi wangeuawa na maji. Wa hospitali, mmoja, au wawili, au kumi na mmoja wote, wangeuawa na yeye. Alitamani mtu mwingine aingie mlangoni wakati ule, mtu mwenye cheo, aseme nitaamua mimi. Mlango haukufunguka.

"Hospitali saa hizi ni saa ya kuona wagonjwa," alisema hatimaye. "Kuna ndugu wodini. Kuna mikono."

4

Sista Bupe, msimamizi wa wodi ya mahututi, alipokea simu akiwa anatembea. Sekela alimweleza kwa sentensi nne. Upande wa pili Sekela alizisikia mashine zenyewe zikivuta na kuachia.

"Injinia," alisema Sista Bupe, "unaniuliza au unaniambia?"

Sekela alifumba macho. Akisema "nakuuliza", mwanamke yule angekataa, au angekubali na kubeba mzigo huo hadi kaburini.

"Nakuambia, dada. Uandike kwamba nilikuambia."

"Mifuko ya kupumulishia kwa mkono ninayo tisa. Wagonjwa kumi na mmoja."

"Mifuko miwili itabidi kila mmoja uhudumie vitanda viwili."

"Umewahi kuushika mfuko huo wewe?"

"Hapana."

"Sawa," alisema Sista Bupe. "Nipe dakika kumi. Manesi niko nao wanne. Waliobaki nitawafundisha hawa waliokuja na uji."

Hakukata simu. Aliiweka mahali fulani ikiwa wazi, na kwa dakika kumi Sekela na Mzee Ambakisye walisikiliza wodi. Walisikia viti vikiburutwa. Walisikia mwanamke akiuliza kwa nini mashine zizimwe wakati umeme upo, na Sista Bupe akimjibu kwamba kuna watu huko mtoni, mama, shika hapa, usikaze vidole, bonyeza, hesabu mbili, achia. Walisikia sauti ya mzee mmoja ikirudia maagizo polepole, neno kwa neno, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza: "Tatu kwa binti yangu. Nachomoa. Tatu kwa huyu jirani. Nachomoa."

"Huyo jirani hana ndugu aliyekuja?" aliuliza Mzee Ambakisye kwa kunong'ona, ingawa simu yao ilikuwa imezibwa isitoe sauti.

Sekela alitazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika arobaini na nane. Aliweka dole lake juu ya kioo. Kioo kilikataa mara mbili kumtambua.

Mzee Ambakisye alisimama nyuma yake. Alikaa pale kwa muda uliomtosha Sekela kuamini kwamba hatafanya. Kisha mkono wake mnene ulipita begani kwake, na dole likashuka.

5

Pumzi ilipumzishwa saa sita na dakika arobaini na tisa.

Mlio wa mota ulikatika kwenye simu mara moja, zote pamoja. Kilichofuata ni sauti ya mifuko ya mpira ikibonyezwa na watu wasiozoea, kila mmoja na mwendo wake, na Sista Bupe akipita katikati yao. "Taratibu. Mwangalie kifua. Kikipanda, achia."

Kwenye ukuta mstari mweupe ulianza kujaa: king'ora kinapakiwa. Asilimia kumi. Asilimia kumi na nane. Sekela alikuwa ameuona mstari wa aina ile maelfu ya mara na hakuwahi kujua kwamba unakwenda polepole hivyo. Kwenye arobaini na mbili ulisimama. Ukili ulikuwa unakagua mikataba, yaani ahadi ambazo kila kijenzi huwapa wenzake kuhusu muda wa kujibu, na ahadi za king'ora kile zilikuwa za zamani kupita kila kitu kilichokuwa hai. Ungeweza kukikataa. Sekela hakuwa amelifikiria hilo. Aliwaza kwamba amewanyang'anya watu kumi na mmoja pumzi kwa ajili ya king'ora ambacho hakitalia.

"Kuna nini?" aliuliza mzee.

"Subiri."

"Sekela."

"Nasubiri na mimi, Mzee."

Sekunde thelathini na moja. Kisha mstari ukaruka hadi mwisho na taa ndogo ya kijani ikawaka mahali ambapo pangekuwa mwisho wa ramani. Hawakuweza kukisikia king'ora, kilikuwa mbali mno. Waliona tu neno moja: kinalia.

"Sista!" ilikuwa sauti ya yule mzee wa wodini. "Huyu rangi inambadilika. Sista."

"Nakuja, baba. Usiache. Endelea."

"Nihamie kwake moja kwa moja?"

"Endelea kama nilivyokwambia."

Sekela angeweza kuirudisha Pumzi wakati ule. King'ora kilikuwa kimelia sekunde hamsini. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya amri. Lakini aliwaona watu asiowajua, wamejibanza ndani kwa ajili ya mvua, wanausikia mlio ambao haujasikika kwa miaka, wanatazamana, wanauliza ni nini kile. Sekunde hamsini ni muda wa kushangaa. Hazitoshi kumchukua mtoto mgongoni. Alikiacha kilie dakika mbili kamili, na katika dakika ile ya pili hakuna mtu chumbani mle aliyevuta pumzi vizuri.

Pumzi ilirudi saa sita na dakika hamsini na tano na nusu. Mota zikaanza tena, moja, nyingine, zote. Katikati yake walimsikia Sista Bupe akitaja jina la mtu, kisha akilitaja tena, kisha akitaka dawa, kisha simu ikakatwa.

Malango ya bwawa yalifunguka saa saba na dakika tano, kama kijenzi chao kilivyosema.

6

Watu mia tatu na kumi na wawili walipanda kilima cha nyuma ya Kambi ya Mchanga. Nyumba zote zilikwenda na maji, na zahanati, na jokofu lake. Wengine wawili, waliorudi kufungua mbuzi, hawakuonekana tena. Helikopta iliwakuta wale wa kilimani siku ya pili, wamekaa chini ya turubai moja, wameloa, wazima.

Wodini walipona kumi. Wa kumi na moja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Gwantwa, umri miaka ishirini na tisa.

Tume ya uchunguzi ilimwagiza Sekela asizungumze na familia yoyote hadi itakapomaliza kazi. Alitii siku tatu. Siku ya nne Sista Bupe alimpigia simu, akasema bila salamu: "Baba yake halali. Anadhani alikosea kuhesabu."

Kesho yake mchana Sekela alikwenda msibani, nyumba ya matofali yenye migomba nyuma. Akina mama walikuwa ndani. Mzee Asajile, baba yake Gwantwa, alikuwa nje, peke yake kwenye benchi chini ya ukingo wa bati, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikikunja na kukunjua juu ya goti. Sekela aliviangalia vidole vile akatamani kurudi alikotoka. Alipiga hatua zilizobaki.

"Shikamoo, baba. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Wewe ni mwalimu mwenzake?"

"Hapana. Ninaitwa Sekela. Ni mhandisi wa Ukili." Alikuwa amejipangia maneno njiani, lakini yote yalikuwa yamekimbia. "Mashine ya mwanao haikuharibika, baba. Niliisimamisha mimi. Kulikuwa na watu mtoni, na kituo cha kuwaonya na cha kumpumulisha yeye kilikuwa kimoja. Nilijua kwamba mifuko haitoshi. Nilijua kabla sijabonyeza."

Mzee Asajile aliacha kuvikunja vidole. Hakumtazama. Kuku alipita mbele yao, akadonoa tope, akaondoka.

"Kwa hiyo si mkono wangu," alisema mwishowe.

"Si mkono wako. Sista alikuwa anakuangalia. Alisema hakuna mtu wodini aliyeushika mfuko ule vizuri kuliko wewe."

"Nilimpa nne." Alisema kwa sauti ya chini, akiutazama mlango wa chumba walimokuwa akina mama. "Niliambiwa tatu kwake, tatu kwa jirani. Rangi ilipombadilika nikampa nne. Mara mbili nilifanya hivyo. Yule jirani ni dereva, sijui hata kwao wapi. Nilimwibia pumzi mbili. Na yeye ndiye aliyepona. Sijamwambia mtu. Sasa sijui nijutie kuiba, au nijutie kutoiba zaidi."

Sekela alisimama pale kwenye matone ya bati, mkoba ameukumbatia, akijua kwamba hesabu ile ile imemkaa na yeye na kwamba hakuna kijenzi kitakachompokea mzigo huo.

"Walipona wangapi huko?" aliuliza mzee.

"Mia tatu na kumi na wawili."

Mzee aliinamisha kichwa upande, kama anayesubiri jibu hilo limwambie kitu zaidi. Halikumwambia.

"Mama yake asilisikie leo," alisema. "Leo litamuua. Uje baada ya arobaini, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe, kama ulivyoniambia mimi. Usitume mtu wala barua."

"Atanifukuza, baba."

"Huenda. Huenda akafanya kubwa kuliko kukufukuza." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Utakuja?"

Woga ulimpanda Sekela, mkubwa kuliko ule wa dakika sita, kwa kuwa huu ulikuwa na siku thelathini na tano za kukua. Alihesabu tarehe kwa vidole mbele ya mzee, akaitaja kwa sauti ili wote wawili waisikie.

"Nitakuja," alisema.